Chipu zirudi nyumbani: njia nne zikiwekwa sambamba

Agosti 9, 2022, Rais Joe Biden alitia saini sheria iliyotenga dola bilioni 39 za kuwashawishi watengenezaji wa chipu wajenge viwanda Marekani. Juu ya ruzuku hiyo kukawa na nafuu ya kodi ya asilimia 25, ambayo Julai 2025, chini ya Donald Trump, ilipanda hadi 35. Hoja iliyowavuta wabunge wa vyama vyote viwili ilikuwa hii: mwaka 1990 Marekani ilishika takriban asilimia 37 ya uwezo wa dunia wa kutengeneza chipu, na kufikia 2020 ilibaki na 12 hivi. Chipu za kisasa kabisa zilikuwa zikitoka karibu zote katika kisiwa kimoja, Taiwan, ambacho China inadai ni sehemu yake. Japani, Umoja wa Ulaya, India na Korea Kusini nazo zimefungua mifuko.

Ila "kurudisha nyumbani" ni kauli moja inayobeba mambo manne yasiyofanana. Yupo anayemaanisha kiwanda cha chipu za hali ya juu kabisa. Yupo anayemaanisha chipu za kawaida, za gari na jokofu. Mwingine anazungumzia kazi ya mwisho, ya kuzifunga na kuzipima. Na wa nne wala hataki zirudi kwake. Anataka zihamie kwa rafiki. Anayeandika tasnifu ya sera, mwanahabari wa uchumi, au kijana mhandisi anayepima akasomee nini, hukwama hapo, kwa sababu kila kambi ina mfano wake mzuri na huinyamazia mifano ya wengine.

## Vigezo

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ikoje. Chipu huanza kama kisahani cha silikoni chenye upana wa milimita 300, kinachong'aa kama kioo. Ndani ya ukumbi usio na vumbi, kisahani hicho hupita mamia ya hatua kwa muda wa miezi mitatu hivi: hupakwa kemikali, huchorwa kwa mwanga, huchimbwa, hupakwa tena. Mwishoni kinabeba mamia ya chipu zilizopangwa kama mistari ya daftari la hesabu. Kisha hukatwa, kila kipande hufungwa ndani ya ganda lake na kupimwa. Mara nyingi sehemu hizo mbili hufanyika katika nchi tofauti, na watu wengi hulisahau jambo hilo. Usanifu wa chipu nimeuacha nje, kwa kuwa Marekani haikuupoteza. Nvidia, Qualcomm na Apple zinachora zenyewe.

Kila njia nitaipima kwa mambo manne. Fedha na muda: inagharimu kiasi gani, na chipu ya kwanza inatoka lini. Watu na mazingira: mafundi, maji, umeme, majirani. Kinga: ni balaa lipi hasa linalozuiwa. Na inamfaa nani. Kigezo cha kinga nakipa uzito kuliko vingine, maana usalama wa taifa ndio uliotumika kuombea fedha za walipa kodi, na balaa haziko za aina moja. Vita katika Mlango-Bahari wa Taiwan, mvutano wa kibiashara na China, na janga la ugonjwa linalofunga viwanda hazina dawa moja.

## Njia ya kwanza: kiwanda cha chipu za kisasa kabisa

Fedha na muda. Mei 2020 TSMC, kampuni ya Taiwan iliyoanzishwa na Morris Chang mwaka 1987, ilitangaza kwamba itajenga kiwanda Phoenix, Arizona, kwa dola bilioni 12. Kufikia Aprili 2024 mpango ulikuwa wa bilioni 65, serikali ikiahidi ruzuku ya bilioni 6.6. Machi 2025 ukafika bilioni 165. Julai 2023 kampuni ilisema itachelewa hadi 2025 kwa kukosa mafundi wa kusimika mitambo, ingawa chipu za nanomita 4 (kadiri namba inavyopungua, ndivyo chipu ilivyo ya kisasa zaidi) zilianza kutoka robo ya mwisho ya 2024. Chang mwenyewe, akitegemea uzoefu wa kiwanda cha zamani cha TSMC kwenye pwani ya magharibi ya Marekani, alisema mwaka 2022 kwamba kutengeneza chipu huko hugharimu asilimia 50 zaidi kuliko Taiwan.

Na Arizona ndiyo iliyofaulu. Intel, mtengenezaji wa chipu wa Marekani, ilitangaza kiwanda cha Ohio Januari 2022 ikilenga kuanza uzalishaji 2025. Sasa inataja 2030 au 2031. Kiwanda chake cha Magdeburg, Ujerumani, kilichokadiriwa kugharimu euro bilioni 30, kilifutwa Julai 2025 kabla hata hakijasimama. Agosti mwaka huohuo serikali ya Marekani ikachukua takriban asilimia 10 ya hisa za Intel. Anayekwambia njia hii ni suala la kutia saini hundi tu, mwonyeshe Ohio.

Watu na mazingira. TSMC ilipotaka kuleta mafundi wake kutoka Taiwan, vyama vya wafanyakazi wa ujenzi vya Arizona vilikataa kulinyamazia jambo hilo. Walisema wanaporwa kazi zilizoahidiwa wenyeji. Hoja zao zilieleweka, lakini na upande wa pili ulikuwa na hoja, kwani watu waliowahi kusimika mitambo ya aina hiyo duniani ni wachache mno. Maji nayo ni mtihani. Visahani huoshwa tena na tena kwa maji yaliyochujwa hadi hayana hata chembe ya chumvi, na Arizona ni jangwa. Kampuni inajenga mtambo wa kuyasafisha maji yaliyotumika yarudi kazini. Taiwan yenyewe si salama kwa hilo: ukame wa 2021 uliilazimu TSMC kuleta maji kwa malori, huku serikali ikiwakatia wakulima maji ya umwagiliaji.

Kinga. Inazuia balaa kubwa kuliko yote, lile la Taiwan kuzingirwa na dunia kukosa chipu za akili unde, simu na silaha za kisasa. Lakini inazuia nusu nusu. Teknolojia mpya huanzia Taiwan kwanza. Wakati Arizona inachapa nanomita 4, nanomita 2 zinaanzia kisiwani. Oktoba 2025 Nvidia ilisherehekea Phoenix kisahani cha kwanza cha chipu zake za Blackwell kilichotengenezwa Marekani, na baada ya picha kupigwa, chipu za namna hiyo bado zilihitaji kuvuka bahari kwenda Taiwan kufungwa. Mashine za kuchora kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri zinatoka kampuni moja tu duniani, ASML ya Veldhoven, Uholanzi.

Inamfaa nani. Nchi yenye wateja wakubwa nyumbani, fedha za kuvumilia miaka kumi bila faida, na hofu ya kweli kuhusu Taiwan. Kwa sasa nchi hizo zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Japani inajaribu kuingia na kampuni ya Rapidus huko Chitose, Hokkaido, ikilenga nanomita 2 mwaka 2027.

## Njia ya pili: kiwanda cha chipu za kawaida

Fedha na muda. Hizi ni chipu za nanomita 28 na kuendelea juu, teknolojia ambayo wengine huiita ya kizee, ingawa ndiyo inayoendesha breki, mita za umeme na mashine za hospitali. Mfano bora uko Kikuyo, mkoa wa Kumamoto nchini Japani. TSMC ikishirikiana na Sony na Denso, na baadaye Toyota, ilianza ujenzi Aprili 2022. Wajenzi walifanya kazi zamu za usiku na mchana, kiwanda kikazinduliwa Februari 24, 2024, na uzalishaji ukaanza mwishoni mwa mwaka huo. Serikali iliahidi hadi yeni bilioni 476. Ulaya ina wa kwake huko Dresden: zaidi ya euro bilioni 10, nusu yake hivi ikiwa msaada wa serikali ya Ujerumani. TSMC ina asilimia 70 ya hisa, na Bosch, Infineon na NXP asilimia 10 kila moja. Ujenzi ulianza Agosti 2024, uzalishaji unalengwa mwisho wa 2027. Nchini Marekani, Texas Instruments imejenga kiwanda Sherman, Texas, ikisaidiwa kwa ruzuku ya hadi dola bilioni 1.6 inayogusa pia kiwanda chake cha Utah.

Mbona Kumamoto ilikwenda haraka hivyo? Kwa maoni yangu, kwa sababu haikuanzia sifuri. Kiwanda cha Sony kilikuwa jirani, wauzaji wa kemikali na vipuri walikuwepo, na mnunuzi alikuwa amekaa mezani tangu siku ya kwanza.

Watu na mazingira. Bei za ardhi Kikuyo zilipaa na foleni za magari zikawa kero. Wakazi wa Kumamoto hunywa maji ya chini ya ardhi, hivyo hofu ya kiwanda kuyamaliza ilikuwa ya haki. Dawa waliyotumia inafaa kuigwa: Sony ilikwisha zoea kwa miaka mingi kushirikiana na wakulima kujaza maji kwenye mashamba ya mpunga wakati hayajapandwa, yakazama taratibu kurudisha kilichochotwa, na kiwanda kipya kikafuata mpango kama huo.

Kinga. Uhaba wa 2021 ulikuwa wa chipu hizi hasa. Ford iliegesha malori yake aina ya F-150 uwanjani, yamekamilika isipokuwa kipande kidogo. Magari mapya yalipopungua Japani, yaliyotumika yakapanda bei minadani, na waagizaji wa Dar es Salaam na Mombasa wakalipa tofauti hiyo. Silaha nyingi pia hutumia chipu za zamani kuliko watu wanavyodhani. Kwa hiyo kinga ipo, na ni ya kila siku.

Hatari yake ni bei. China inajenga uwezo wa chipu hizi kwa kasi, na kiwanda cha ruzuku kinaweza kukuta soko limefurika siku kinapofungua mlango. Ndiyo maana Marekani ilipandisha ushuru wa chipu za China kutoka asilimia 25 hadi 50 kuanzia Januari 1, 2025. Hata hivyo Wolfspeed ya North Carolina, inayotengeneza chipu za silikoni kabaidi za magari ya umeme, iliomba ulinzi wa mufilisi Juni 2025.

Inamfaa nani. Nchi yenye viwanda vya magari, mitambo au vifaa vya nyumbani vilivyo tayari kusaini mkataba wa kununua. Bila mnunuzi, jengo ni zuri lakini mizigo itakaa ghalani.

## Njia ya tatu: kufunga na kupima

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndiyo njia inayodharauliwa.

Kazi yenyewe ni hii. Kisahani kilichokamilika hubandikwa kwenye utando wenye gundi na kukatwa kwa msumeno wa almasi, huku maji yakiondoa vumbi. Mashine huokota kipande kimoja kimoja na kukilaza kwenye kiunzi cha shaba. Mashine nyingine hushona nyuzi za dhahabu au shaba, nyembamba kuliko unywele, kutoka kwenye kipande hadi kwenye miguu ya ganda. Kisha humwagiwa utomvu mweusi unaoganda, na chipu huingia kupimwa kwenye joto na baridi. Zile chipu nyeusi zenye miguu ya chuma ambazo fundi wa redio Kariakoo huzijua kwa macho, zimepata sura hiyo hapa.

Fedha na muda. Micron, kampuni ya chipu ya Marekani, ilitangaza Juni 2023 kiwanda cha kufunga na kupima huko Sanand, Gujarat, cha dola bilioni 2.75, serikali kuu ya India ikibeba nusu ya gharama na jimbo asilimia 20. Ni fedha nyingi, lakini ziweke karibu na bilioni 65 za Arizona ya 2024. Arizona iliahidi ajira za moja kwa moja 6,000. Sanand iliahidi hadi 5,000. Gawanya mwenyewe: zaidi ya dola milioni 10 kwa kila ajira upande mmoja, laki tano na nusu upande wa pili.

Watu na mazingira. Mafundi wa ngazi ya stashahada wanaweza kufunzwa kwa miezi badala ya miaka, na maji yanayohitajika ni machache zaidi. Penang, Malaysia, ilianza mwaka 1972 kwa eneo huru la Bayan Lepas, Intel ikiwa miongoni mwa wa kwanza kufika, na leo Malaysia inashika takriban asilimia 13 ya kazi hii duniani. Ila miaka hamsini si mchezo. Aliyeona Penang ya leo akadhani ilijengwa kwa muhula mmoja wa uchaguzi atadanganyika.

Kinga. Nexperia ni kampuni ya Nijmegen, Uholanzi, inayomilikiwa na Wingtech ya China. Hutengeneza vitu vya senti chache: diodi, transista, swichi ndogo ndogo za ndani ya gari. Visahani vyake huchapwa kwa wingi Hamburg, Ujerumani, kisha kama asilimia 70 ya bidhaa hufungwa China, hasa Dongguan. Septemba 30, 2025 serikali ya Uholanzi iliweka mkono wake juu ya maamuzi ya kampuni hiyo, ikihofia teknolojia kuhamishwa. Siku chache baadaye China ikazuia bidhaa zilizofungwa Dongguan zisitoke. Honda ikasimamisha kiwanda cha Celaya, Mexico, na kupunguza uzalishaji Marekani na Kanada; Volkswagen ikatoa tahadhari. Novemba 19 Uholanzi ikasitisha amri yake.

Hebu tazama kilichotokea. Ulaya ilikuwa na kiwanda nyumbani, Hamburg, kinachofanya kazi vizuri. Chipu zilikuwepo. Kilichokosekana ni wa kuzikata na kuzifunga. Na Mei 2020 hadi Novemba 2023 Marekani ilikuwa ikijisifia Arizona kabla kampuni ya Amkor haijatangaza kujenga kituo cha kufunga chipu mji wa jirani, Peoria.

Udhaifu wa njia hii ni wepesi wa kuhama. Mitambo yake husafirishika. Intel iliondoa kazi ya kufunga na kupima Costa Rica mwaka 2014, ikairudisha miaka michache baadaye, na Julai 2025 ikatangaza kuihamishia Vietnam na Malaysia. Nchi iliyotoa nafuu ya kodi inaweza kubaki na majengo.

Inamfaa nani. Nchi inayotafuta ajira nyingi kwa mtaji wa wastani, na pia, jambo linalosahaulika, nchi tajiri ambayo imeshajenga viwanda vya njia ya kwanza au ya pili.

## Njia ya nne: kwa rafiki badala ya nyumbani

Fedha na muda. Sheria ileile ya 2022 iliipa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani dola milioni 500 kwa miaka mitano za kuimarisha mnyororo wa ugavi nje ya nchi. Nchi zilizotajwa ni pamoja na Costa Rica, Panama, Mexico, Vietnam, Indonesia, Ufilipino, India na Kenya. Kwa nchi kubwa ni fedha ya chai.

Watu na mazingira. Mzigo wa maji, taka na mafunzo humwangukia rafiki. Hapa ndipo Afrika inapoingia kwa haki yake. Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya chipu ya Semiconductor Technologies Limited, na ziara ya Rais William Ruto Washington Mei 2024 iliitaja Kenya kuwa nchi ya kwanza Afrika kuelekezewa fedha za mpango huo. Kusini zaidi, Lubumbashi nchini Kongo, lundo la masalia ya uyeyushaji shaba lina jerimani, madini ya nyuzi za intaneti na vifaa vya kuonea gizani. Mwaka 2024 kampuni tanzu ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, ilianza kuyauza kwa Umicore ya Ubelgiji.

Kinga. Inapunguza utegemezi wa China na inatawanya hatari. Jerimani ni mfano hai: China iliweka leseni kwa mauzo ya nje ya jerimani na galiamu kuanzia Agosti 1, 2023, na Desemba 2024 ikayazuia kwenda Marekani. Kiwanda chochote cha nyumbani hakichimbi madini hayo. Lakini rafiki naye huugua: Malaysia ilipofunga shughuli kwa sababu ya korona mwaka 2021, watengenezaji magari wa mabara mengine walisimama. Na urafiki hutegemea aliyeko madarakani. Ushuru wa 2025 wa Marekani haukuwabagua washirika.

Inamfaa nani. Nchi kubwa isiyotaka kubeba kila hatua, na nchi ndogo inayotaka kuingia kwenye kazi hii bila kujifunga deni la kiwanda.

## Kulingana na hali yako

Ukiwa unaandika hoja kuhusu Marekani na hofu yako ni Taiwan kuzingirwa, anza na njia ya kwanza, lakini usiitetee bila ya tatu. Uliza kila tangazo la kiwanda: chipu zitafungwa wapi?

Kama hofu ni viwanda vya magari kusimama, au hospitali kukosa vipuri, njia ya pili inajibu zaidi, mradi kuna mikataba ya ununuzi kabla ya jiwe la msingi. Usikubali ruzuku inayotaja idadi ya ajira bila kutaja mnunuzi.

Unapotathmini malengo ya Ulaya, kumbuka yaliwekwa makubwa: asilimia 20 ya soko la dunia kufikia 2030. Ripoti ya Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ya Aprili 2025 ilionyesha makadirio ya asilimia 11.7. Anayependelea njia ya pili na ya tatu kwa pamoja ana hoja yenye nguvu huko kuliko anayekimbilia ya kwanza.

Mshauri wa serikali ya Afrika Mashariki aanzie mlangoni pa njia ya nne akilenga ya tatu: umeme usiokatika kwenye eneo moja maalumu, forodha inayotoa mzigo kwa saa, na masharti yanayomfunga mwekezaji asihame baada ya likizo ya kodi kuisha. Kwa Kongo, swali ni kama usafishaji wa jerimani utabaki Ubelgiji daima au hatua mojawapo itasogea Katanga, eneo la Lubumbashi.

Na kijana anayechagua masomo asivutwe na neno nanomita peke yake. Viwanda vya chipu huhitaji pia mafundi wa mitambo ya ombwe, kemikali na matengenezo. Vituo vya kufunga na kupima huajiri wahandisi wa vipimo na takwimu za ubora. Kwa aliye Kenya, Nyeri ni pa kuombea mafunzo kwa vitendo kabla ya kufikiria viza.